Kinywaji cha sherehe kwa mwenye kisukari
Ukialika watu Kisumu na joto lile, usimwekee mgeni mwenye kisukari juisi ya embe ya pakiti. Kata pasheni mbili za pale soko la Kibuye, kwangua rojo na mbegu zake kwenye glasi, kamulia ndimu, tia tangawizi iliyopondwa na majani ya minti uliyoyafikicha kidogo tu (ukiyaponda sana yanakuwa machungu), kisha barafu na maji ya soda (yale ya gesi yasiyo na sukari). Si toniki! Toniki ya kawaida ina sukari kama soda nyingine. Uchungu wake ndio huwadanganya watu. Akitaka kileo, kipimo kimoja cha jini kinatosha, tena awe amekula, hasa anayetumia insulini, maana pombe huweza kuishusha sukari mwilini hata saa kadhaa baadaye.