Kujenga daraja ndogo mu shamba yako, hapa pembeni ya Bukavu

Bandugu benye muko na shamba Kabare ao Walungu na kamuto kanapita katikati, mujenge kati ya mwezi wa sita na wa nane, juu mvua ya mwezi wa tisa ikisharudi hamutaweza tena kuchimba kitu.

Kwanza uangalie alama ya maji ya mvua kubwa, majani yenye kukwama ku miti, matope ku mawe, na uulize bamama benye kulima pale, bao banajua. Daraja ipite juu ya ile alama, hata nusu mita zaidi. Tafuta fasi maji inaenda sawasawa, hapana ku kona, ku kona maji inakula udongo.

Kwa batu na pikipiki, kama upana wa kamuto ni mita 3 ao 4, miti minene ya kalitusi inatosha, toa maganda, kila mti uingie karibu mita 1 ku kila upande. Hapa njo batu bengi banakosa, banalalisha miti ku udongo tu, inaoza mbio, na inaniuma sana kuona mutoto anapita pale na bidon ya maji. Jenga mawe na sima chini ya vichwa vya miti, kisha upigilie mbao.

Gari ikipita, weka buze ya beto, ile bomba kubwa ya kupitisha maji chini ya njia, udongo wa kushindilia juu yake usipunguke sentimita 30, na upange mawe makubwa kwenye maji inatokea, bila vile patachimbika shimo na njia itabomoka. Jirani wa chini umuambie mbele ya kuanza, juu maji ikigeuka itaingia mu shamba yake.