Baridi ya Juni mpaka Agosti Arusha na Moshi: jinsi ya kuifaidi nyumbani na familia na marafiki

Watu wa huku tukisikia habari ya kukusanyika akili inaenda Desemba moja kwa moja, mabasi yamejaa, kila mtu anapanda Marangu, Machame, Rombo, harusi, kipaimara, ndafu, ukija kushtuka tarehe 2 Januari watu washaondoka na hamjakaa hata jioni moja mkaongea vizuri. Mimi nasema msimu wa kukaa ni huu wa baridi. Shule zinafungwa Juni kwahiyo watoto wapo, masika imeisha, mahindi yanavunwa, Sabasaba na Nanenane ni sikukuu watu hawaendi kazini, halafu ikifika saa 12 jioni hakuna anayetamani kutoka nje. Sasa badala ya kila mtu kujifungia chumbani na blanketi na simu yake, panga mambo mapema.

Anza na nyumba yenyewe. Arusha mjini tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai usiku inashuka mpaka nyuzi 12 hivi au chini ya hapo, Moshi mjini pana afadhali ila wa Kibosho na Old Moshi huko juu mlimani wanaijua wenyewe. Nyumba zetu nyingi ni sakafu ya saruji na bati juu, zingine hazina dari, joto linapotea haraka sana. Chagua sebule tu, usihangaike na nyumba nzima. Tandika mkeka kwanza afu juu yake zulia au godoro la wageni, watu wakae chini wakinyoosha miguu, maana baridi ya sakafu ndio inawatoa watu mapema. Jua likitoka mchana fungua madirisha na mapazia yote, ikifika saa 10 na nusu funga kabla halijazama, ukingoja giza ushachelewa. Chini ya mlango sokomeza khanga kuukuu iliyoviringishwa, inasaidia kuliko unavyodhani. Mablanketi na masweta nenda mitumbani, Memorial kwa Moshi au Kilombero kwa Arusha, ila nenda mapema kabla baridi haijakolea maana bei zinapanda watu wakianza kutetemeka. Mashuka ya kimasai pia weka matatu manne kwenye kochi kila anayeingia ajifunike.

Hapa kwenye jiko la mkaa naomba usome taratibu. Usiingize jiko la mkaa ndani ukafunga madirisha ili mpate joto, na usilale nalo kabisa, hata kama moshi umeisha na makaa yamekuwa mekundu tu. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu na mtu anapitiwa usingizini asijue. Mkianza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu wote kwa pamoja tokeni nje haraka na mwenye hali mbaya apelekwe hospitali. Jiko likae barazani au jiko la nje, na kama mnataka kuota moto oteni hukohuko nje mmejifunika, ni raha mno na wazee wanapenda.

Haya chakula. Kanuni yangu ni sufuria moja kubwa, kitu kimoja cha moto, watu wanapakua wenyewe. Ukipika vitu sita wewe mama mwenye nyumba hutakaa na wageni wako, utashinda jikoni.

Mtori ndio namba moja kwa baridi hii, haupikiwi mzazi peke yake jamani. Kwa watu kama wanane chukua nyama ya mifupa kilo moja na nusu, chemsha na chumvi na kitunguu mpaka nyama iachie mfupa, hiyo ni saa moja na nusu au zaidi usiharakishe. Ndizi tafuta mshare, kama huzioni sokoni uliza wamama wanaoshusha ndizi watakuonyesha. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya utomvu usikugande, na kila unayomenya itupie kwenye maji isiwe nyeusi. Toa nyama pembeni, ndizi zipikie kwenye ile supu mpaka zilainike kabisa, afu ziponde na mwiko zikiwa bado za moto, ukisubiri zipoe zinaleta mabonge. Rudisha nyama, ongeza supu kidogo kidogo mpaka uwe uji mzito kiasi, malizia na kijiko cha siagi au maziwa fresh. Blenda inafanya kazi haraka ila mtori unakuwa laini kupita kiasi, mimi napenda ule unaokuta kipande cha ndizi mdomoni.

Kama hela imebana pika makande, loweka mahindi yaliyokobolewa na maharage usiku mzima, vipimo viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharage, kesho yake yachemke polepole ukiwa unafanya mambo mengine. Kama kuna Mmeru au Mwarusha kwenye kundi mwambie alete loshoro, kile chakula chao cha mahindi na maziwa mgando. Wanaotumia mbege, pombe ya ndizi ya Kichaga, waagize kwa mtu wanayemwamini, watoto wapate uji wa ulezi.

Chai ya tangawizi ina siri moja, tangawizi chemsha na maji kwanza dakika kumi hivi, majani na maziwa baadae. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokatisha maziwa, ukikichemsha kwanza kinakufa. Jaza chupa mbili za chai kabla watu hawajafika, umeme ukikatika au gesi ikiisha mko salama.

Kwenye kualika, usisubiri watu thelathini. Kumi wanatosha. Sema saa 9 mchana siyo saa 1 usiku, maana usiku mwenye watoto wadogo na mwenye kupanda daladala hawaji, na mwambie kila mtu kitu cha kuleta kwa jina, wewe karanga, wewe viazi vitamu, dada lete parachichi. Ukisema leteni chochote utapata soda nane na mikate.

Sasa mnafanya nini hizo saa zote? Kama mmevuna shamba, kupukuchua mahindi ndio shughuli bora kuliko zote na sitanii. Mwaga turubai katikati, mikono inafanya kazi na midomo inaongea, mtoto wa miaka sita anaweza, babu anaweza, mgeni ambaye hajui mtu anapata pa kuanzia, na magunzi yanabaki kuwa kuni za kuotea. Ambao hawana shamba kuna karata, drafti, ludo. TV izime. Halafu wakae wazee na wajukuu karibu, muulizeni bibi zamani walilalaje na baridi hii, huku mlimani wengi watakwambia ng'ombe na mbuzi walikuwa ndani nyumba moja na watu na joto lao lilisaidia, na kutoka hapo atafika kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, nani alimgawia nani na kwanini wale hawaongei na hawa. Washa rekoda ya simu kwa ruhusa yake. Vitu hivyo Desemba havisemwi, kuna kelele nyingi.

Wazee waangalie zaidi, soksi mbili, kofia, na kama analala kwako mpe chupa ya maji moto iliyofungwa taulo miguuni, mfuniko ukazwe vizuri na maji yasiwe yanayochemka.

Mtori ukibaki usiutupe, usiku unaganda mzito kabisa. Asubuhi weka maji ya moto kikombe, koroga kwa moto mdogo, kamulia ndimu na pilipili kidogo, waliolala kwako wanywe kabla ya safari.