Jinsi ya Kujenga Koo Mbili za Viumbe wa Sayari Nyingine Kutokana na Mazingira Yao

Mwandishi wa mswada wa filamu aanze na kile ambacho mahali panawanyima wakazi wake. Anayeanza na rangi ya ngozi na umbo la masikio, kisha akatafuta mandhari baadaye, huishia kuwa na watu wale wale waliovaa maleba tofauti.

Tazama kwa makini filamu ya Avatar: The Way of Water ya mwaka 2022. Ukoo wa Metkayina, unaoishi kwenye miamba ya matumbawe, una mikia mipana na mikono iliyopanuka kama mapezi, na chini ya maji huzungumza kwa ishara. Familia inayokimbilia huko kutoka ukoo wa msituni wa Omatikaya inadharauliwa kwa mikia yake myembamba. Mtazamaji huelewa tofauti hiyo kabla hajaelezwa.

Mkazi wa Nairobi ana mahali pazuri pa kujifunzia. Ingia msitu wa Karura, upime jicho linafika wapi kabla ya kuzuiwa na miti, na usikilize jinsi sauti inavyomtangulia mwenyewe. Kisha teremka kusini-magharibi hadi Ziwa Magadi, kwenye joto kali na weupe usio na kivuli. Ngege wa huko huishi katika maji ya magadi makali, yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) inayokaribia 10, na kwa kuwa maji hayo huzuia amonia, uchafu wenye sumu ambao samaki wengi huutoa, kutoka mwilini kwa njia ya kawaida, samaki huyo hutoa uchafu wake kama urea, ile iliyomo kwenye mkojo wetu. Huo ndio ubunifu ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu badiliko kubwa limefanyika ndani, mahali ambapo msanii wa vipodozi hafiki.

Kutoka mwilini, nenda kwenye adabu. Ukoo wako wa msituni, usioona mbali, utamhesabu kuwa adui kila anayekaribia bila kupiga hodi. Ukoo wako wa bonde la chumvi, uliozaliwa na mandhari kama ya Magadi, ambao humwona mgeni muda mrefu kabla hajafika, utaona kupaza sauti ni matusi. Wakikutana, ugomvi utazuka pasipo yeyote kuwa mwovu, na huo ni ugomvi bora kuliko ule wa kugombea madini.

Usiyafanye mazingira kuwa hatima, hata hivyo. Katika Avatar: Fire and Ash ya 2025, volkano iliharibu makao ya ukoo wa Mangkwan, nao ukamkana Eywa, mungu anayeheshimiwa na koo nyingine; ukoo mwingine ungeweza kuzidisha ibada kwa msiba huo huo. Mpe kila ukoo angalau mhusika mmoja anayepinga jibu la wenzake.

Hatimaye andika onyesho la kukutana kwao bila msimulizi, umpe msomaji asiyejua lolote, umwombe aeleze kila upande unaishi wapi. Akishindwa, acha mazungumzo yalivyo na urudi kwenye ardhi.