Somo: Tairi la inchi 33 au 35 kwenye Land Cruiser 70 yenye ekseli za kiwandani

Wakuu, somo hili ni la wenye Land Cruiser 76, 78 na 79 za injini ya 1HZ. Ndizo zilizojaa huku kwetu, kuanzia gari za utalii Arusha hadi pikapu za migodini, na ndizo ninazozifungua kila siku. Wenye Hilux msikimbie, mna sehemu yenu kwenye maswali.

Nianze na msimamo wangu ili asiyekubaliana nao ajue mapema: kwa ekseli za kiwandani mwisho wangu ni 33. Gari la 35 linatembea, na wapo wanaolitembeza miaka bila shida, ila hao wamebadilisha meno ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) au wana mguu mwepesi kuliko watu wengi. Ekseli ya 70 haivunjwi na upana wa tairi. Inavunjwa pale tairi kubwa linapozunguka hewani au kwenye utelezi, halafu likakamata ghafla wakati mguu bado uko kwenye mafuta.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kwenda dukani

Wauzaji wanataja inchi, lakini ubavuni mwa tairi kuna namba za kweli. Chukua upana (namba ya kwanza), zidisha kwa asilimia ya kimo (namba ya pili), zidisha mara mbili, ongeza 406 (hiyo ni ringi ya inchi 16 kwa milimita). Majibu ni haya:

265/70R16: mm 777
235/85R16: mm 806 (ile 7.50R16 ya zamani inacheza hapo hapo)
285/75R16: mm 834, ndiyo "33"
315/75R16: mm 879, ndiyo "35"

Sasa angalia vizuri. Ukitoka 235/85 kwenda 33, kipenyo kimeongezeka mm 28, lakini difu imepanda nusu yake tu, yaani mm 14. Upana wa kidole kimoja. Ukienda 35 unapata kama mm 36. Na msidanganyike na springi ndefu: zinapandisha bodi, hazipandishi difu hata kidogo. Kinachoinua tumbo la difu ni tairi peke yake, ndiyo maana watu wanahangaika na matairi.

Hatua ya 2: Uliza injini kama inakubali

1HZ ni lita 4.2 bila tabo. Inavumilia sana, ila haina nguvu za kugawa bure. Tuseme difu yako ni 4.10, yaani shafti inayotoka gia boksi inazunguka mara 4.10 tairi likizunguka mara moja (hakikisha kwenye kibati cha gari, namba ya ekseli imeandikwa pale). Ukitoka 235/85 kwenda 35, gari litajisikia kama limefungwa difu ya 3.76. Gia ya tano inakuwa pambo, mlimani unashuka hadi ya tatu, na klachi inaungua taratibu kila unapoondoka na mzigo. Kwa 33 inakuwa kama 3.96, unaisikia lakini unaishi nayo.

Ukitaka 35 kwa haki, tafuta meno ya 4.56, na ubadilishe mbele na nyuma pamoja. Ukibadilisha nyuma tu, siku utakayoingiza 4WD ekseli mbili zitashindana, na atakayelipa ni gia boksi.

Jambo lingine ni spidomita. Kwa 35, ikisoma 50 umefika kama 54, na askari wa tochi hataki hesabu zako za tairi, atakuandikia elfu thelathini. Kweli, spidomita nyingi za kiwandani huzidisha kidogo, ila pima kwa GPS ya simu ujue yako ikoje. Kilomita nazo zitasoma pungufu, kwa hiyo usilalamike mafuta yanaliwa kabla hujaongeza asilimia 9 ambayo tairi limekua.

Hatua ya 3: Kagua ekseli ikiwa bado na tairi la zamani

Hapa ndipo watu wanaruka, na hapa ndipo pa kukaa. Tairi kubwa halileti ugonjwa mpya, linaukuza uliokuwepo.

Piga jeki upande wa mbele. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Kama mchezo umeisha, ni beringi za habu. Kama bado upo, ni beringi za kingi pini, zile za juu na chini ya mpira wa chuma, yaani ile tufe mwishoni mwa ekseli ambapo tairi linageukia. Dawa za hizo mbili ni tofauti kabisa, na nimeona watu wakinunua za habu mara mbili bure.

Lala chini, angalia nyuma ya ule mpira wa chuma. Grisi kidogo inayong'aa ni kawaida. Ukiona uji mweusi mwepesi unachuruzika hadi kwenye ringi, oili sili ya ndani imekufa: oili ya difu imeingia kwenye grisi, na sivi jointi (kiungo kinachozungusha tairi hata likiwa limekatwa kona) inaogelea kwenye supu badala ya kulindwa. Usifunge tairi kubwa juu ya hali hiyo.

Kisha tafuta uwanja wa vumbi, funga habu za mbele, ingiza 4WD, kata usukani mpaka mwisho na uzunguke polepole. Ukisikia "ka-ka-ka", sivi jointi imeanza kuchoka. Kwa tairi la zamani ingekaa mwaka, kwa 35 inaweza kuondoka kwenye korongo la kwanza.

Nyuma, 79 ina raha yake. Ekseli yake haibebi uzito kwa shafti, uzito uko kwenye habu na beringi mbili, shafti inazungusha tu. Utaitambua kwa kile kifuniko kinachochomoza katikati ya tairi kikiwa na duara la nati. Hizo nati zina washa za koni chini yake. Zikilegea, stadi zinakatwa moja moja na tundu zinapanuka, na utaona mstari wa oili umeanza kuchora kutoka kwenye nati kwenda nje. Kaza, na kama koni zimelika badilisha zote, usichanganye mpya na kuukuu.

Malizia na oili ya difu. Ikitoka kama maziwa, umeingiza maji, na mara nyingi kosa ni la bomba la kupumulia lililoziba. Lipandishe juu karibu na injini.

Hatua ya 4: Ringi

285/75 inataka ringi ya upana wa inchi 7.5 hadi 9, na 315/75 inataka 8 hadi 10. Ile ringi nyembamba ya chuma ya 7.50R16 haifai. Na usitafute ringi inayotoa tairi nje sana kwa ajili ya picha. Kadiri tairi linavyotoka nje ndivyo beringi ya nje inavyobeba, na usukani unakupiga vidole kila jiwe. Speisa (vipande vya kusukuma tairi nje) mimi sizifungi kwenye gari la kazi, basi.

Hatua ya 5: Nafasi

Kwa 33, gari nyingi za 70 zinapita bila kuinuliwa, au zinagusa kidogo ukikata mpaka mwisho. Zile boliti za kuzuia usukani zirefushwe uzi mmoja au miwili, utapoteza kidogo kwenye kugeuza. Kwa 35 unahitaji springi za inchi 2 hivi, na wengine wanakata madigadi. Usipime ukiwa umesimama kwenye sakafu ya gereji: panda tairi moja juu ya tuta, kata usukani pande zote, tazama tairi linakwenda wapi.

Hatua ya 6: Breki na stelingi

Tairi refu ni mkono mrefu unaopinga breki. Kutoka 806 hadi 879, kwa kanyagio lile lile unapata nguvu pungufu kama asilimia 8 pale tairi linapogusa ardhi, bado hujahesabu uzito. 315/75 ya mashimo makubwa inaweza kufika kilo 30 bila ringi. Weka pedi nzuri, kagua mipira ya breki, toa hewa yote. Tai rodi endi zenye mchezo badilisha kabla, halafu balansi na alaimenti siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Upepo na mguu

Barabarani bila mzigo anza na psi 35 hadi 40, mzigo ukiongezeka panda. Kwenye mchanga shuka hadi 16 au 18, nenda polepole, na beba kompresa ya kurudishia. Chini ya 12 unacheza na tairi kutoka kwenye ringi.

Mguu ndio fyuzi yako. Ukikwama kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Ndutu masika, na gari likaanza kurukaruka mahali pamoja, achia mafuta papo hapo. Ule mruko ndio unaokata shafti. Nyoosha usukani kwanza, maana sivi jointi ikiwa imekunjwa haina nguvu ya ile iliyonyooka. Kubwa kuliko yote, usirudi nyuma kwa nguvu ukiwa kwenye Low (gia nzito za 4WD) huku umekata usukani mpaka mwisho. Chimba, piga Tanganyika jeki (ile jeki ndefu ya kupandisha gari juu), jaza mawe, kisha ondoka kwa utulivu.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Mbeya: Shikamoo fundi. Mimi nina Hilux Vigo, nataka 33 kama za 79. Ekseli ya nyuma si ni Toyota hiyo hiyo?

Jibu: Marahaba. Toyota ni hiyo hiyo, ekseli siyo. Nyuma ya Hilux shafti yako inazungusha na pia inabeba uzito, na beringi imegandamizwa juu ya shafti yenyewe. Ikifa, unang'oa shafti nzima na unahitaji presi. Mbele una shafti zenye vifuniko vya mpira kwenye viungo, ukiinua gari sana zinakaa kwa pembe mbaya na mipira inapasuka. Kaa kwenye 265/75R16, ni mm 804, inakutosha Mbeya yote mpaka Kitulo.

Mwanachama wa Nakuru: Boss, niko na 79 ya springi za koili mbele, nimeinua inchi 4 na kuweka 35. Sasa gari inatangatanga barabarani, na nikigonga shimo usukani unatetemeka hadi nisimame. Wheel alignment nimefanya mara kadhaa, wanasema iko sawa.

Jibu: Ndugu yangu, wamepima matairi yanavyoangalia mbele tu, hawakupima kasta, yaani mlalo wa ule mhimili ambao tairi linageukia. Ukiinua koili, mikono ya mbele inazungusha ekseli nzima na kasta inapotea, ndiyo maana usukani haurudi wenyewe. Tafuta bushi za kasta za kiasi cha mwinuko wako, na kwa inchi 4 huenda bushi pekee zisitoshe, utahitaji mikono iliyorekebishwa. Shokapu ya stelingi usiifikirie kwanza, hiyo inaficha ugonjwa. Kagua pia bushi za ile fimbo ndefu inayoshika ekseli upande kwa upande. Mpaka hapo, usipite 60.

Mwanachama wa Maskati: Assalaam alaykum. Huku tunacheza mchanga wa Sharqiya, wenzangu wote wana 35 na wananicheka na 33 zangu. Nibadilishe?

Jibu: Wa alaykum salaam. Shusha upepo kwanza kabla ya kutoa pesa. Tairi likishushwa linalala kwa urefu, alama yake mchangani inakuwa ndefu, na hiyo ndiyo inayokubeba. Kama wao wako psi 25 na wewe uko 15, utawapita. Kitakachokusumbua mchangani ni injini kukosa pumzi, na 35 zitaiongezea taabu hiyo.

Mwanachama wa Geita: Mkuu, kuna fundi anasema anichomelee difu ya nyuma iwe inafunga muda wote, bei rahisi. Nina 33.

Jibu: Kataa. Ukikata kona kwenye lami, tairi la nje linataka kwenda haraka kuliko la ndani, na difu iliyochomelewa inakataa. Unakula matairi, unasokota shafti, na mvua ikinyesha gari linakwenda moja kwa moja badala ya kukata. Nunua loka (kifaa cha kufunga difu) inayofunguka. Nayo uanze nyuma. Ya mbele ukiifunga huku umekata usukani, nguvu yote inaweza kuangukia sivi jointi moja.

Mwanachama wa Arusha: Spea je? Bracket ya nyuma ya 76 yangu inabeba ya zamani tu. Naweza kuacha spea ndogo?

Jibu: Kwa kufika gereji, ndiyo, ukiifunga mbele na kutembea bila 4WD. Lakini ukiifunga nyuma, difu itafanya kazi ya kona muda wote, na ukiingiza 4WD kwenye ardhi ngumu unarudi kwenye kile nilichosema hatua ya 2. Chomelea uimara wa mlango na bawaba, kilo zimeongezeka, au panda spea juu ya keria.

Mwanachama wa Arusha: Na Tanganyika jeki inashika wapi kama bampa ni ya kiwandani?

Jibu: Haishiki popote pa salama. Bampa ile ni bati, itakunjika. Tumia jeki ya chupa chini ya ekseli, na ubebe kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini yake kwenye tope.