Ukishuka Isamilo, usiweke nyutro

Wenzangu mnaokaa milimani hapa Mwanza, Isamilo, Bugando na kwingineko, naona wengi bado wanashuka na nyutro, yaani gari likiwa nje ya gia, wakiamini wanabana mafuta. Jamani, acheni. Gari la petroli lenye mfumo wa injeksheni likiwa kwenye gia na umeachia pedali ya mafuta, injini hukata petroli kabisa na magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka nyutro, inabidi ichome mafuta ili isizime. Tena breki zinabeba mzigo wote peke yake na kupata moto, na huko chini kuna bodaboda na watoto wa shule.

Kupanda hakuna ujanja. Gari la tani moja na nusu likipanda mita 100 kwenda juu linahitaji nishati ya kama yuniti 0.4 ya umeme, zile zile za LUKU, mbali na msuguano wa barabara. Tofauti iko kwenye kushuka: la petroli halirudishi kitu, haibridi (lenye injini ya petroli na mota ya umeme) na la umeme hugeuza mota kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya nishati hiyo kwenye betri. Basi ukiwa na haibridi au la umeme, kanyaga breki mapema na taratibu, maana ukikanyaga ghafla pedi za breki ndizo zinazofanya kazi na nishati inaishia kuwa joto.

Mwenye gari la umeme anayelala mlimani asichaji hadi 100. Betri iliyojaa haina pa kuweka nishati inayorudi asubuhi anaposhuka mjini. Asilimia 85 hivi inatosha.