Vumbi ya Athi River: fahamu inatoka wapi kabla hujalaumu mtu

Kama unaishi Athi River, Mlolongo ama upande wa Katani hii unaijua, unapangusa meza asubuhi na ikifika saa saba mtoto ameshaandika jina lake juu yake na kidole. Ukiuliza mtu yeyote jibu ni moja tu, ni simiti. Mimi pia nilikuwa naapa hivyo, nikakaribia kabisa kupeleka malalamiko kuhusu kiwanda kimoja hapa karibu, kumbe sehemu kubwa ya ile vumbi ilikuwa ya barabara ya murram mbele ya ploti yetu, malori ya kokoto yanaanza kupita hapo kabla hata jogoo hajawika. Nikaona aibu peke yangu.

Sasa nafanya hivi. Chukua sahani nyeupe, iweke nje kwa dirisha siku tatu za jua, juu kidogo, maana ukiiweka chini utakusanya uwanja wa jirani anayefagia. Halafu iangalie vizuri. Murram ni nyekundu, udongo wetu wa kawaida hapa ni mweusi-kijivu, simiti ni kijivu hafifu na laini kama unga wa ngano. Tia matone ya maji, wacha ikauke hadi kesho, udongo ukiukwaruza unapukutika lakini simiti inashika sahani. Na kama hutaki mambo ya sahani panda uangalie gata: fundi aliyekuja kuzibua yetu alianza na mkono akaishia na patasi, ndani kulikuwa na ganda gumu kama plasta. Udongo haufanyi hivyo.

Jaribio lingine ni vinega, tone moja tu, ikitoa mapovu kuna chokaa ndani, kama ile ya simiti. Sumaku nayo ifunge kwa nailoni uipitishe juu ya vumbi, zile chembe nyeusi zinazoruka ni za chuma. Lakini hapa usikimbilie kusema ni kiwanda cha vyuma, kwa sababu udongo wa huku una mawe ya volkeno na yenyewe yana chuma, pia una vipande vya chokaa. Ndio maana lazima uchukue udongo kidogo wa mahali mbali na barabara na viwanda, uufanyie majaribio yale yale, ulinganishe. Bila hiyo unajidanganya.

Halafu upepo. Funga utepe wa nailoni kwa antena uandike unaelekea wapi, asubuhi, mchana, jioni. Huku upepo mara nyingi unatoka mashariki, Desemba hadi Machi unaegemea kaskazini-mashariki, katikati ya mwaka unakuwa wa kusini-mashariki. Kama kiwanda unachokilaumu kiko magharibi yako na vumbi inakuja kila siku, tafuta mshukiwa mwingine. Moshi pia una lugha yake: mvuke mweupe kwa kawaida unapotea haraka hewani, lakini ule unaojivuta angani kama mkia hadi mbali, huo mara nyingi una vumbi ndani.

Sasa kitu ambacho watu hawapendi kusikia. Vumbi unayoiona kwa meza siyo ile mbaya zaidi, nyingi inakwama puani na kooni. Inayoingia ndani kabisa ya mapafu ni zile chembe wanaita PM2.5, chini ya maikromita 2.5, na unywele wako una unene wa kama 50 hadi 70, kwa hivyo huwezi kuziona. WHO, Shirika la Afya Duniani, tangu 2021 wanasema wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo. Na zinatoka wapi? Dizeli ya malori kwa foleni ya mizani, viwanda ndiyo, lakini pia yule jirani anayechoma nailoni na pampas nyuma ya ploti saa kumi na mbili jioni, na jiko ya makaa ndani ya nyumba ya chumba kimoja. Unaweza kupigana na kiwanda mwaka mzima huku moshi wa jikoni ndio unamkohoza mtoto.

Nyumbani, usifagie kavu, nyunyiza maji kwanza ama upanguse na kitambaa chenye maji. Madirisha fungua kama saa nne asubuhi. Juni na Julai baridi inalaza moshi chini hadi jua litoke, na kiangazi mchana upepo ndio unainua vumbi, kwa hivyo hapo katikati ndio nafuu. Maski ya upasuaji inapitisha hewa pembeni, tafuta N95 inayobana uso. Na kama unakinga maji ya mvua, mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike yote, isiingie tenki.

Ukishajua kweli ni kiwanda, andika rekodi wiki mbili: tarehe, saa, upepo, rangi ya moshi, ilidumu muda gani, na picha inayoonyesha bomba na kitu kingine cha kutambulisha mahali. "Wanatumaliza" siyo ushahidi. Peleka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ofisi ya kaunti, na ueleze kuna kanuni za ubora wa hewa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini bila hata kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia, wengi hawajui hiyo. Nendeni majirani watano ama kumi na barua moja, na msitoke hapo kabla nakala yenu haijagongwa muhuri na tarehe.