Somo: Kuwatoa wanafunzi bwenini moto unapowaka usiku

Walezi wenzangu, salaam. Machi 2001, Shule ya Sekondari Kyanguli huko Machakos, Kenya, wavulana 67 walikufa motoni. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa, madirisha yana nondo. Hapa Tanzania, Shule ya Shauritanga, Rombo, Juni 1994, tulipoteza motoni wasichana zaidi ya 40. Ndiyo maana naanza na ufunguo, si ndoo ya mchanga.

Hatua ya 1: Kabla ya taa kuzimwa. Kagua milango yote miwili. Kufuli la nje liondoke kabisa. Ndani liwe komeo ambalo hata mtoto wa kidato cha kwanza atalifungua gizani kwa kupapasa. Matranka yasikae njiani. Mwongozo wa usalama shuleni wa Kenya wa 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na milango ifunguke kwa nje. Hilo la nje ni kubwa: watoto 80 wakisukumana, mlango unaofunguka kwa ndani haufunguki tena.

Hatua ya 2: Anayeuona moto kwanza apige kelele "Moto! Moto!" na kengele igongwe mfululizo. Wa kitanda cha chini amwamshe wa juu yake. Asianze kuuzima peke yake wakati wenzake wamelala.

Hatua ya 3: Inameni, mkibidi mtambae. Moshi hupanda, hewa ya kuvutika hubaki chini karibu na sakafu. Godoro la sponji likishika moto hutoa moshi mweusi wenye sumu, na huo ndio unaoua wengi kabla ndimi za moto hazijawafikia.

Hatua ya 4: Mlango ukiwa umefungwa, uguse kwa mgongo wa kiganja. Mlango ni wa moto? Usiufungue, nendeni mlango wa pili.

Hatua ya 5: Tokeni mikono mitupu. Nguo ya mtu ikishika moto asikimbie. Alale chini aviringike, uso ameufunika kwa mikono.

Hatua ya 6: Kusanyikeni mahali pamoja palipo mbali na jengo, kisha muite majina kwa orodha ya bweni. Harudi mtu ndani, hata kwa vyeti. Anayekosekana, waambieni Zimamoto alikokuwa amelala. Tanzania piga 114, na mpige mara tu mnapotoka, msingoje kuona kama moto utazimika.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Bila kufuli, watoro na wezi tutawazuiaje? (Matroni, Tanga)

Marahaba mwanangu. Swali hili huulizwa kila mahali, na uchungu wake naujua. Zoezi letu la kwanza la usiku, mwenye ufunguo alikuwa nyumba ya tatu, amelala fofofo. Tulipomwamsha akaanza kutafuta ufunguo wenyewe. Ungekuwa moto wa kweli, ningekuwa nimezika. Mtoro azuiwe kwenye uzio, na mlinzi azunguke nje. Mtoro utampata kesho.

Nondo zimeshachomelewa, bajeti hakuna. Tufanyeje? (Mwalimu wa zamu)

Mwiteni fundi wa kuchomelea akate nondo za dirisha moja kila upande, aziwekee bawaba na komeo la ndani. Msingoje fedha za madirisha yote. Wanafunzi walifungue wenyewe, si kuonyeshwa tu.

Kitambaa kibichi puani kinasaidia? (Mzazi)

Kidogo, kwa masizi. Hewa ya sumu kinaipitisha. Asipoteze muda kutafuta maji.

Na kama njia zote zina moshi, tuko ghorofani? (Mlezi mpya)

Ingieni chumba kisicho na moshi, fungeni mlango, zibeni upenyo wa chini kwa mashuka, kisha dirishani mpunge nguo nyeupe na kuita. Kabla ya siku hiyo, tembea bweni lako usiku bila taa, ukihesabu vitanda hadi mlangoni. Wafundishe watoto hesabu hiyo.